Samaki apimwe, si maji peke yake

Mnunuzi wa samaki sokoni Garsen, Kaunti ya Tana River, ana vipimo vyake: macho yang'ae, mashavu yawe mekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Vipimo hivyo hufichua samaki aliyeoza. Risasi, zebaki na kadmiamu havizioni, kwa kuwa metali hizi hazina harufu wala ladha katika nyama, na moto wa jikoni hauziondoi. Tena kilo nne za kambare mbichi zikianikwa zikabaki kilo moja, yaliyokwenda ni maji. Metali imebaki yote.

Wapo watakaosema Chewele, iliyo katika kaunti hiyohiyo, iko mbali na viwanda. Kweli, ila Mto Tana hauanzii Chewele. Unateremka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, unachukua maji ya Mto Thika yanayopita jirani na mji wa viwanda, unavuka mabwawa kuanzia Masinga hadi Kiambere, ndipo ufike nyanda za chini. Mabwawa huzuia tope jingi, na hoja hiyo ina uzito. Lakini chini ya maji yaliyotuama, penye oksijeni haba, bakteria hugeuza zebaki kuwa methili-zebaki, nayo hujikusanya mwilini mwa samaki na kuzidi kila samaki mkubwa anapommeza mdogo. Maji yanaweza kupimwa yakaonekana safi huku kambare mzee amebeba akiba ya miaka. Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa sumu ya zebaki uliogunduliwa 1956 uliwafikia watu kwa njia hiyohiyo ya kitoweo. Haya yote si ushahidi kwamba samaki wa Tana wana sumu. Ni sababu ya kuwapima.

Na wazee waliokula samaki maisha yao yote? Risasi haiui papo hapo. Hupunguza uwezo wa mtoto kujifunza, na nani angeyahesabu hayo? Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kuwaambia watu waache samaki, katika kaunti inayopigwa na ukame, ni ushauri wa aliyeshiba. Afadhali mjamzito na mtoto wale perege kuliko kambare mkubwa, kwani perege hula zaidi mwani. Matumbo, ini na mashavu yatupwe, maana risasi na kadmiamu hukaa huko zaidi kuliko kwenye minofu. Hivyo hata kidagaa anayeliwa mzima si salama kwa udogo wake tu.

Kiwango cha juu cha risasi kinachoruhusiwa kimataifa ni miligramu 0.3 kwa kilo ya samaki. Serikali ya kaunti ipime minofu ya samaki wanaposhushwa, na matokeo yabandikwe palepale sokoni.