Uchaguzi Mdogo, Siku ya Kazi

Mabango mengi ya wawaniaji wa Nairobi hutoka kwenye vyumba vya uchapishaji vya River Road na barabara zinazopakana nayo. Kijana mmoja anapanga karatasi chini ya kisu cha mashine, mwingine anafunga mafungu kwa kamba, mkokoteni unayapeleka hadi stejini. Kati ya hao, ni wachache wanaopiga kura katika Wadi ya Nairobi Central, eneobunge la Starehe, ambako barabara hii imo. Wanalala Kawangware, Kangemi, Kibra au Kariobangi, na huko ndiko majina yao yaliko kwenye sajili. Uchaguzi mkuu hauwasumbui sana, kwa kuwa siku hiyo huwa likizo ya kitaifa. Uchaguzi mdogo wa wadi huwakuta kazini. Hata serikali inapotangaza likizo katika eneo linalopiga kura, likizo hiyo haifiki River Road.

Kura ya mfanyakazi wa aina hii katika uchaguzi mdogo ndiyo inayopotea kwa urahisi zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote.

Tazama Kibra. Novemba 7, 2019, wakazi waliitwa kumchagua mbunge baada ya kifo cha Ken Okoth. Vigogo wa siasa za taifa walipiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Kati ya wapigakura zaidi ya 118,000 waliosajiliwa, waliofika debeni walikuwa takriban 42,000, na Imran Okoth akashinda kwa kura zisizofika 25,000. Kama kiti cha ubunge kilichofuatiliwa na nchi nzima kiliamuliwa hivyo, wadi ambayo haitajwi hata kwenye taarifa ya habari ya saa moja itaamuliwa na wangapi? Mshindi anaweza kutengana na wa pili kwa idadi ya watu wanaojaa kwenye matatu chache za asubuhi.

Wapo wanaosema mwakilishi wadi hana maana. Lakini anayeuza simu River Road hulipia leseni ya biashara, na ada hiyo huwekwa na Sheria ya Fedha ya kaunti, inayopitishwa na wawakilishi wadi. Kwa hiyo mwakilishi aliyechaguliwa Kangemi anapiga kura kuhusu ada ya kibanda kilichoko mjini, pamoja na mitaro inayofurika mvua ikinyesha, taka, masoko, taa za barabarani, zahanati na shule za chekechea. Bajeti ya Nairobi inazidi shilingi bilioni 40 kwa mwaka, na haipiti bila bunge la kaunti lenye wawakilishi wa wadi 85. Desemba 2020 ni wawakilishi wadi hao hao waliopiga kura ya kumng'oa Gavana Mike Sonko, kabla ya Seneti kuhitimisha kazi. Wakazi wenye umri mkubwa wanajua jiji lisilo na wawakilishi linavyokuwa: mwaka 1983 serikali ilivunja Baraza la Jiji, na hadi 1992 Nairobi ikaendeshwa na makamishna walioteuliwa, bila diwani wa kuulizwa lolote.

Pengo jingine lilitokea juzi. Kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, haikuwa na makamishna, na viti vilivyobaki wazi havikuweza kujazwa. Banissa, iliyompoteza mbunge wake Machi 2023, ilisubiri hadi Novemba 27, 2025. Siku hiyo hiyo wadi kadhaa nchini zilipiga kura, Kariobangi North ya hapa Nairobi ikiwemo. Aliyengoja muda wote huo kisha akakosa kupiga kura alipoteza haki yake mara mbili.

Kwanza, maandalizi ya mpigakura huanza kabla kiti hakijawa wazi. Kiti kikishatangazwa kuwa wazi, sheria inasimamisha usajili katika eneo hilo hadi uchaguzi uishe. Ukihama kutoka Pipeline kwenda Kawangware, hamisha na kura yako mapema, usingoje mabango.

Pili ni kitambulisho. Mjini tumezoea kukiacha kwa bawabu mlangoni mwa jengo, jioni tunakimbilia matatu tukakisahau. Kituoni utatakiwa uwe na stakabadhi ile ile uliyojisajili nayo, na karatasi ya kusubiria kitambulisho kipya haikubaliki. Anayetaka kukinunua au kukishika "kwa muda" anatenda kosa la jinai, na wewe unayekiuza pia. Shilingi mia tano za siku moja zitakulipisha ada hadi uchaguzi mkuu unaofuata.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliyekuwa kwenye foleni saa hiyo ana haki ya kupiga kura. Nenda alfajiri. Mikono iliyozoea wino, gundi na vyuma mara nyingine hukataliwa na mashine ya alama za vidole. Usiondoke: karani anaweza kukutafuta kwa nambari ya kitambulisho. Utapewa karatasi moja tu badala ya zile sita za uchaguzi mkuu. Weka alama kwa mtu mmoja, usiandike jina lako. Ukikosea kabla ya kuitumbukiza sandukuni, irudishe upewe nyingine.

Jioni, baada ya kuhesabu, matokeo ya kituo huandikwa kwenye Fomu 36A na nakala kubandikwa hadharani. Ipige picha. Jumla ya wadi huwekwa kwenye Fomu 36B, na penye kura chache, tarakimu moja iliyobadilishwa njiani inaweza kumgeuza mshindi.

Kwa wenye maduka na viwanda vya uchapishaji: sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi aliye mpigakura muda wa kutosha kwenda kupiga kura, bila kumkata mshahara. Mwulizeni kila mmoja amesajiliwa wadi gani, na siku ya wadi yake ikifika, mwacheni aingie kazini saa nne.