Mgawo na Kikomo

Mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria ulitiwa sahihi mjini Kisumu tarehe 30 Juni 1994 na Kenya, Tanzania na Uganda. Mfasiri wa maandiko ya namna hii hana budi kupambanua maneno mawili. Mgawo ni fungu la mtu; aliyepewa ana haki ya kulimaliza. Kikomo ni mpaka usiovukwa, nacho hakimpi mtu haki yoyote. Kanuni ya kutovua sangara asiyefika sentimita 50 ni kikomo. Wamaasai wa Oloipiri, walio mbali na ziwa, hawalioni jambo hili kuwa geni: katika alalili, yaani malisho yaliyotengwa, hakuna aliyegawiwa nyasi. Tukiandika “mgawo” mahali pa “kikomo”, twamruhusu mvuvi kumaliza tulichotaka akibakishe.