Boxer, TVS na Fundi wa Jirani

Boxer na TVS ndizo pikipiki zinazogombanisha vijiwe vya bodaboda kuanzia Mwanza hadi Mombasa, na zote mbili zimelelewa na Wajapani. Bajaj ya Pune, India, inayounda Boxer, ilishirikiana na Kawasaki tangu miaka ya 1980, na Boxer za mwanzo ziliuzwa zikiwa na jina la Kawasaki kando ya la Bajaj. TVS, nayo ya India, iliingia ubia na Suzuki mwaka 1982, wakaachana mwaka 2001. Pikipiki nyingi za Kichina tulizozizoea zina injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125, chombo kilichobuniwa miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako wahandisi wa Honda waliona wenye pikipiki wanachelewa sana kubadilisha oili. Dereva wa Boxer anapomcheka mwenzake wa TVS, kwa sehemu kubwa anacheka ukoo wake mwenyewe: silinda moja, mipigo minne, injini inayopozwa kwa upepo, cheni nyuma.

Hata hivyo ubishi upo na una nguvu, na mimi sikubaliani na wanaouita ujinga. Wa Boxer atakuambia chombo chake ni cha kazi, kinapanda mlima na magunia ya mkaa bila kulalamika. Wa TVS atajibu kwamba chake ni laini, hakili mafuta, na jioni mgongo hauumi. Watu huufananisha ubishi huu na wa Simba na Yanga, lakini tofauti ni kubwa. Shabiki wa Yanga timu ikifungwa atakosa usingizi, ila watoto watakula. Dereva aliyechagua pikipiki isiyomfaa atapeleka njaa nyumbani. Ndani ya maneno yale ya kijiweni mna hoja za uhandisi, mna hesabu za fedha, na mna jambo la tatu lisilokuwa uhandisi wala fedha. Anayeyachanganya yote matatu huishia kulipa.

Fedha kwanza, kwa sababu ndizo zinazozaa uaminifu wenyewe. Madereva wengi hawana fedha taslimu za kununulia pikipiki. Wanachukua chombo cha mkataba: tajiri ananunua, dereva anapeleka hesabu kila siku au kila wiki kwa mwaka au zaidi, na mwisho wa mkataba chombo kinakuwa chake. Siku pikipiki inapolala gereji, hesabu hailali. Kwa mtu wa namna hii, bei ya pistoni si jambo kubwa kuliko swali la kwamba pistoni hiyo inapatikana hapo ng'ambo ya barabara au inasubiri basi la kesho kutoka Dar es Salaam. Pikipiki iliyo bora kwa kila kipimo cha kiwandani, lakini spea yake inachukua siku tatu kufika Sumbawanga, kwake ni pikipiki mbaya.

Kisha kuna fundi. Fundi wa chini ya mwembe amezoea kufungua injini za aina moja au mbili. Anajua sauti ya valvu iliyolegea kabla hajashika spana, ana pula ya kuchomolea magneti inayoingia kwenye injini hiyo, na anajua ni boliti gani huharibika nyuzi ukiikaza kupita kiasi. Mpelekee aina asiyoizoea, naye ataifungua, ila atajifunzia kwenye chombo chako na kwa fedha zako. Kwa hiyo dereva anaposema yeye ni mtu wa Boxer, mara nyingi maana yake halisi ni kwamba fundi wake ni mtu wa Boxer, na duka la spea la jirani ni la Boxer.

Mambo haya huvutana kwa mzunguko. Muuza spea anaweka kinachotoka haraka. Fundi anakuwa bingwa wa kile kinachomjia kila siku. Tajiri ananunua kile atakachoweza kukiuza tena bila hasara kubwa dereva akishindwa mkataba, na kampuni za mikopo hufikiri vilevile. Kila anayejiunga na kundi analiongezea kundi manufaa. Ndiyo maana unaweza kukuta wilaya mbili zenye barabara za vumbi lilelile, moja imeshikwa na Boxer na nyingine na TVS au SanLG ya Kichina, na wakazi wa kila upande wakiamini kwamba barabara zao ndizo zilizochagua. Kampuni mpya inayotaka kuingia ijue kwamba injini nzuri haitoshi; italazimika kujaza spea Kariakoo, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi, kisha izifikishe vijijini, kabla dereva wa kwanza mwenye akili hajaigusa.

Kwenye misumeno ya injini hali ni hiyohiyo, na kampuni moja ililielewa jambo hili mapema kuliko nyingi. Stihl ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1926, ilikataa kwa miaka mingi kuuza misumeno yake kwenye maduka makubwa ya Marekani kama Home Depot na Lowe's. Iliwaachia mawakala wenye karakana, wanaoweza kuutengeneza msumeno waliouuza. Mpinzani wake mkubwa, Husqvarna ya Sweden, ilianza mwaka 1689 kama kiwanda cha silaha, ikatengeneza pikipiki kuanzia 1903 na misumeno ya injini kuanzia 1959. Wakata miti wa Ulaya na Amerika Kaskazini hubishana juu ya majina hayo mawili kwa joto lilelile la vijiweni kwetu, nao ukiwauliza sababu utasikia habari za wakala wa jirani kabla hujasikia habari za nguvu za injini.

Lakini umaarufu una kivuli chake. Anayenakili spea hanakili za pikipiki isiyo na wanunuzi. Anafuata wengi walipo. Ringi za pistoni, plagi, cheni, nyaya za klachi, hata vibandiko vya boksi vinaigwa hadi macho ya kawaida hayaoni tofauti. Mwenye chapa inayopendwa sana anafaidi spea za bei nafuu na hapohapo anabeba hatari kubwa zaidi ya spea feki. Miaka miwili ikipita, block imebadilishwa, shokapu zimebadilishwa, kabureta imebadilishwa, cheni seti imebadilishwa mara kadhaa, na kinachobaki cha kiwandani ni chesi, tangi na jina. Mtu huyo akisimama kijiweni kuitetea Boxer yake au TVS yake, anatetea kazi ya viwanda ambavyo hata majina yao hayajui.

Sasa lile jambo la tatu. Mwaka 1957 watafiti nchini Marekani waliwachunguza watu waliotoka kununua magari mapya na kuona ni matangazo gani wanayasoma. Walisoma zaidi matangazo ya gari walilokwisha kulinunua kuliko ya yale waliyoyafikiria wakayaacha. Tangazo halikuwa na la kuwauzia tena. Walilisoma ili watulie. Katika mwaka huohuo Leon Festinger alichapisha nadharia yake inayoeleza hali hiyo: mtu akishafanya uamuzi mkubwa usiorudi nyuma, akili yake hutafuta ushahidi wa kuuunga mkono na kuukwepa unaoupinga. Dereva wa mkataba ana sababu nzito kuliko mnunuzi yeyote wa gari. Kukiri kwamba chombo cha mwenzake kingemfaa zaidi ni kukiri kwamba jasho la mwaka mzima lilipelekwa pasipostahili. Nani angekubali kirahisi?

Utafiti unaonigusa zaidi ni wa Henri Tajfel, uliotoka mwaka 1971. Aliwachukua wavulana wa shule mjini Bristol, Uingereza, akawaambia wamegawanywa kufuatana na mchoraji waliyempenda, Klee au Kandinsky. Hawakuambiwa nani mwingine yumo kundini mwao, hawakuwa na ugomvi wowote, na wao wenyewe hawakupata chochote katika mgawo. Walipopewa kazi ya kuwagawia wengine fedha, walilipendelea kundi lao. Tena mara nyingi walikubali kundi lao lipate kidogo, mradi lile lingine lipate kidogo zaidi. Tazama kijiwe siku injini ya upande wa pili inapokufa. Yule anayeshangilia kwa sauti kuliko wote huenda pikipiki yake mwenyewe inatoa moshi wa bluu tangu wiki iliyopita.

Mwaka 2001 Albert Muniz na Thomas O'Guinn, waliochunguza jamii za wenye magari na kompyuta za aina moja, walieleza kwamba watu hawa hujitambua kwa chapa wanayoipinga kama wanavyojitambua kwa ile wanayoipenda. Makampuni yanalijua hilo. Harley-Davidson ilianzisha chama cha wamiliki wake mwaka 1983, wakati ikihangaika kunusurika mbele ya pikipiki za Japani. Kwetu hakuna kampuni iliyohitaji kuanzisha chama, kwa kuwa kijiwe kilikuwepo tayari, kina mwenyekiti, kina mfuko wa kufa na kuzikana, kina sheria za zamu. Kijana mpya akinunua aina ya wenzake, ataazimwa plagi akikwama na atapata mtu wa kumsukuma hadi kwa fundi anayejulikana. Kununua aina tofauti ni kujitenga kidogo na watu watakaombeba siku ya ajali. Sioni upumbavu hapo.

Upumbavu unaingia pale ushindani unapoziba masikio, na mfano wake mbaya kuliko yote ni oili. Injini hizi ndogo zina oili ya lita moja hivi. Hiyo lita moja inalainisha pistoni, inalainisha gia, na humohumo ndimo klachi inamofanyia kazi. Gari halina mzigo huo. Klachi yake imekaa pakavu, mbali na oili ya injini. Ndiyo sababu oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano, ikiwekwa kwenye pikipiki, hufanya klachi iteleze, dereva akaongeza mafuta na chombo kisiende. Wajapani waliweka kiwango maalumu mwaka 1998. Chupa ya oili inayofaa pikipiki huandikwa JASO MA, na maandishi hayo hayajali tangi limeandikwa nini. Lita moja iliyochoka kwa joto la Dodoma na foleni ya Dar es Salaam huua Boxer, huua TVS, huua Honda.

Injini ikifa kijiweni, sikiliza inavyoelezwa. Ikiwa ni ya upande wa pili, lawama huenda kwa chapa: pikipiki hizo ndivyo zilivyo. Ikiwa ni ya upande wetu, lawama huenda kwa dereva: huyo hamwagi oili. Maelezo ya pili ndiyo yanayoweza kumfaa mtu kesho asubuhi, kwa sababu yanataja kitu cha kufanya, na mara nyingi ndiyo ya kweli. Lakini tunayatumia kwa nusu tu ya vifo vya injini tunavyovishuhudia. Ile nusu nyingine, ambayo ingetufundisha kuhusu chujio la hewa lililojaa vumbi, cheni iliyokazwa kupita kiasi, au ringi feki zilizokwangua silinda, tunaitupa kwa ajili ya kicheko. Dereva angeandika kwenye daftari siku aliyomwaga oili, spea aliyofunga, duka alikoinunua na kilomita ilizodumu, angeijua pikipiki yake kuliko mabingwa wote wa ubishi. Wachache ninaowajua wanaofanya hivyo hubishana kidogo sana juu ya chapa.

Haya yote yanakaribia kubadilika, na nina wasiwasi. Kigali, kampuni ya Ampersand inaendesha pikipiki za umeme ambazo dereva hachaji betri yake. Anaingia kituoni, anaacha iliyoisha, anachukua iliyojaa. Spiro inafanya hivyohivyo Rwanda, Uganda na Kenya. Kwa dereva ni nafuu ya kweli: hakuna oili, hakuna plagi, na kubadilisha betri ni kazi ya dakika chache. Ila betri ni ya kampuni, na kituo ni cha kampuni. Mwenye Boxer akiichoka, TVS ipo, na petroli ni ileile kwa wote wawili. Mwenye pikipiki ya umeme hawezi kuingia kituo cha mshindani, na bei ya betri ikipanda hana pa kwenda. Hapo uaminifu si wa fundi, si wa kijiwe, wala si wa moyo. Amefungwa.

Jambo hili halikuandikwa mbinguni. Honda na Yamaha ziliwahi kupigana vita vya kibiashara vikali kuliko vyote katika historia ya pikipiki: kati ya 1981 na 1983, Yamaha ilipojaribu kuchukua nafasi ya kwanza, Honda ilitoa pikipiki mpya na zilizoboreshwa 113 katika muda wa miezi 18 hivi, hadi Yamaha ikasalimu amri. Mwezi Machi 2021 kampuni hizohizo mbili, pamoja na Suzuki na Kawasaki, zilikubaliana kiwango kimoja cha betri ya kubadilishana nchini Japani, ili betri ya mmoja iingie kwenye pikipiki ya mwingine. Mashirika yetu ya viwango, TBS, KEBS na wenzao wa Kampala na Kigali, yana uwezo wa kudai hivyohivyo kwa kila anayetaka kuuza pikipiki za umeme Afrika Mashariki. Yadai sasa, wakati vituo bado ni vichache na kampuni zinahitaji vibali. Vituo vikishajaa kila kona, kila kampuni na tundu lake la betri, kazi hiyo itakuwa ghali kwa kila mtu, na wa kwanza kulipa atakuwa dereva.