Kenya: Jinsi wenye ardhi karibu na Mara wanavyonufaika na wanyamapori

Katika Kaunti ya Narok, kusini magharibi mwa Kenya, wenye ardhi walio karibu na Hifadhi ya Taifa ya Maasai Mara hukodisha ardhi yao kwa hifadhi za jamii, kama Ol Kinyei iliyoanzishwa mwaka 2005. Wasimamizi huunganisha vipande vya familia nyingi, hujadiliana na kampuni za utalii kuhusu kodi ya kila ekari, kisha malipo humfikia kila mwenye hati. Naye huahidi kutoweka uzio na kulisha mifugo kwa utaratibu uliokubaliwa.

Kodi hiyo haitegemei idadi ya wageni. Hata hivyo, janga la Korona lilisababisha baadhi ya malipo kupunguzwa mwaka 2020. Wasio na hati, wakiwemo wanawake wengi, hawapati kodi hiyo moja kwa moja.