Kibodi ya kompyuta inafundisha piano, ila si yote

Anayetaka kujifunza kinanda hukutana na bei kabla hajakutana na noti. Kinanda kizuri cha umeme huwa ni mali ya kanisa, ya bendi au ya studio, na mwenye nacho haruhusu kila mkono ukiguse. Piano yenyewe, ile ya mbao na nyaya, wengi tumeiona kwenye ukumbi wa hoteli. Vijana wanaotengeneza mapigo chumbani wamepata njia nyingine: wanafungua programu ya muziki, wanabonyeza herufi za kompyuta, na sauti ya piano inatoka.

Wapigaji waliofunzwa huidharau njia hiyo, na sababu wanazo. Hata hivyo dharau yao imezidi kipimo. Kibodi ya kompyuta inaweza kumfundisha mtu ngazi za muziki, umbali kati ya sauti na sauti, na kodi, yaani sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Isichoweza kufundisha ni mkono. Mwanafunzi anayeijua tofauti hiyo mapema hatapoteza muda wake.

Undugu wa tangu zamani

Vifaa hivi viwili vina undugu. Mwaka 1855 David Edward Hughes, mwalimu wa muziki aliyekuwa akiishi Kentucky, Marekani, alibuni mashine ya telegrafu iliyochapa herufi. Mwendeshaji wake aliketi mbele ya vitufe vyeupe na vyeusi mithili ya piano, na vitufe hivyo vilibeba herufi. Mwaka 1868 Christopher Latham Sholes na wenzake wa Milwaukee walipata hataza ya mashine ya kupigia chapa, na kielelezo chao cha awali nacho kilikuwa na vitufe vya mtindo wa piano. Mashine iliyouzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874 ndiyo iliyoacha sura hiyo na kuleta safu nne za vitufe vidogo, kwa mpangilio unaoanza na Q, W, E, R, T, Y.

Kwa kuwa kila kitufe kilivuta chuma chake chini ya mashine, safu hazikuweza kukaa zikilingana. Kila moja ilisogezwa kidogo pembeni ili vyuma vipishane. Vyuma vilikwisha siku nyingi, msogeo ukabaki. Leo msogeo huo ndio unaomfaa mpigaji, maana herufi za safu ya juu zinaangukia katikati ya zile za chini, kama vitufe vyeusi vya piano vinavyoangukia katikati ya vyeupe.

Do iko wapi?

Katika GarageBand, Ableton Live na programu nyingine kadhaa, safu ya katikati ndiyo vitufe vyeupe. A ni do, S ni re, D mi, F fa, G so, H la, J ti, na K ni do ya juu. Safu inayofuata kwa juu ndiyo vyeusi: W iko kati ya A na S, E kati ya S na D. Ukibonyeza R husikii kitu, na programu haijaharibika. Kati ya mi na fa hakuna kitufe cheusi kwenye piano, kwa hiyo R imeachwa kimya. T, Y na U zinalia, kisha I nayo inanyamaza kwa sababu ileile, maana ti na do zimepakana. Mtu anayeshika mambo mawili hayo, R na I, ameshika umbo zima la piano bila kuiona. Ukihitaji sauti za chini au za juu zaidi, Z na X hushusha na kupandisha oktavu, yaani ngazi nzima ya do hadi do.

Mpangilio wa pili unatumia safu mbili kama vinanda viwili vilivyopandana. Z, X, C, V, B, N na M ni do hadi ti ya chini, na vyeusi vyake viko safu inayofuata kwa juu. Q, W, E, R, T, Y na U ni oktavu inayofuata, vyeusi vyake vikiwa kwenye tarakimu. Mtindo huu ulitumika katika programu za kompyuta za Amiga, tangu siku za Ultimate Soundtracker ya Karsten Obarski iliyotoka mwaka 1987. Wanaotumia FL Studio wanaujua; Ctrl na T ndizo zinazoigeuza kibodi yao kuwa kinanda.

Mpangilio wa tatu ni wa piano za kwenye intaneti. Tarakimu 10 na herufi 26 zinafanya alama 36, na kinanda cha vitufe 61 kina vyeupe 36 kamili. Kila alama hupewa kitufe cheupe chake, na vyeusi hupatikana kwa kushika Shift. Nyimbo za mtindo huu huandikwa kwa mfululizo wa herufi, na mtu asiyejua noti hata moja anaweza kucheza wimbo mzima jioni ileile.

Hapo ndipo penye mtego. Anayefuata herufi hizo anapiga chapa tu. Mwimbaji akimwomba apandishe wimbo kwa sauti moja, ataishia hapo, kwa sababu hakuna alichojifunza kuhusu sauti yenyewe.

Mwanakwaya ana mtaji

Msomaji aliyekulia kwenye kwaya anaweza kuukwepa mtego huo. Kwaya nyingi za Afrika Mashariki husoma nyimbo kwa solfa, mfumo wa d, r, m, f, s, l, t ulioanzishwa Uingereza na Sarah Glover, ukaendelezwa na John Curwen katika karne ya 19, na kufika huku pamoja na wamisionari. Solfa haisemi ubonyeze wapi. Inasema sauti hii iko umbali gani kutoka do, na maarifa hayo mtu huhama nayo kutoka kifaa kimoja hadi kingine.

Tahadhari moja tu: herufi za solfa na herufi za kibodi hazipatani. Katika mpangilio wa kwanza, d ya solfa iko kwenye A, s iko kwenye G, na t iko kwenye J. Ni fa peke yake inayokaa kwenye herufi yake, F, na ina kinundu kidogo unachoweza kukipapasa kwa kidole bila kutazama. Anza kwa kuimba ngazi huku ukibonyeza, macho yakiwa mbali na vitufe. Sikio liongoze, kidole kifuate.

Kisha nenda kwenye kodi. Bonyeza A, D na G kwa pamoja. Hiyo ni kodi ya do. F, H na K ni kodi ya fa. G, J na L ni kodi ya so. Angalia umbo: kila mara unaruka kitufe kimoja, na mkono unahama bila kubadilika sura. Kodi tatu hizi zinatosha kusindikiza tenzi nyingi za kanisani na nyimbo nyingi za dansi na rumba. Anayeweza kuzibadilisha kwa wakati, bila kuvunja mapigo, ameshaanza kuwa mpigaji.

Mpenzi wa taarab naye ana la kujaribu. Bonyeza S, E, T, G, H, U, K, L, moja baada ya nyingine, taratibu. Ngazi hiyo ni Hijazi, mojawapo ya ngazi za maqam zilizofika Zanzibar kutoka ulimwengu wa Kiarabu, na sikio la pwani litaitambua mara moja. Rasti na Bayati hazitatoka vizuri hivyo, kwa kuwa zina sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili jirani. Fidla na udi huzipata. Kinanda cha sauti 12 kwa oktavu hakizipati, kiwe cha kompyuta au cha kawaida, mpaka kirekebishwe.

Panapokwama

Sasa sababu za wanaoidharau. Ya kwanza ni uzito wa kidole. Bartolomeo Cristofori alipotengeneza piano huko Florence karibu na mwaka 1700, jambo jipya lilikuwa nyundo inayopiga waya kwa nguvu inayotegemea kidole: gusa polepole, sauti ni ndogo, piga kwa kasi, sauti ni kubwa. Vinanda vya kisasa hupima kasi hiyo kwa ngazi 127, kwa MIDI, utaratibu wa mawasiliano ya vyombo vya umeme ulioanza mwaka 1983. Kitufe cha kompyuta kinajua mambo mawili tu, kubonyezwa na kuachiwa. Kila noti inalia kwa ukubwa uleule.

Kuna muziki unaovumilia hali hiyo. Ogani ya mabomba haibadilishi ukubwa wa sauti kwa nguvu ya kidole, wala kinubi cha vitufe (harpsichord) ambacho Johann Sebastian Bach alikipiga. Wapigaji wa vinanda hivyo walitia uhai kwa urefu wa noti, kwa kuachia mapema au kuchelewa, na kwa kuacha kimya mahali panapostahili. Kwa hiyo kipande cha Bach au wimbo wa kitabuni wenye sauti nne utapendeza kwenye kompyuta. Muziki wa piano wa Chopin, unaotegemea uzito wa kidole, utakushinda, na kosa halitakuwa lako.

Sababu ya pili ni vitufe kuzuiana. Chini ya kibodi kuna nyaya za mlalo na za wima, na kompyuta hutambua kitufe kwa kuona waya upi wa mlalo umegusana na upi wa wima. Vitufe vitatu vikikaa kwenye pembe tatu za mstatili wa nyaya hizo, kompyuta haiwezi kujua kama cha pembe ya nne nacho kimebonyezwa, kwa hiyo kibodi nyingi za bei nafuu huzima kimoja. Kodi yako ikikosa sauti moja, usijilaumu. Hamisha oktavu au tumia mpangilio mwingine.

Ya tatu ni kuchelewa kwa sauti. Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ucheleweshaji wa milisekunde 10 ni sawa na kukaa mita tatu na nusu kutoka kwenye spika, hausumbui. Spika na visikizi vya bluetooth mara nyingi huongeza milisekunde 100 hadi 200, sawa na piano iliyo mita 34 hadi 69 mbali nawe. Ni vigumu kushika mapigo namna hiyo. Tumia visikizi vya waya.

Ya nne ndiyo nzito: vidole huzoea vibaya. Kitufe cha piano huzama kama milimita 10, cha kompyuta ndogo huzama moja au mbili. Kwenye piano, kidole gumba hupita chini ya vingine ili mkono usafiri. Kwenye kompyuta kimelala kwenye kitufe cha nafasi, hakina kazi. Anayekaa miaka kwenye herufi atalazimika kuufundisha mkono upya.

Kwa hiyo tumieni kibodi ya kompyuta kwa kazi yake: kufunza sikio, kuelewa ngazi, kupanga kodi na kuandika nyimbo. Walimu wa shule zenye chumba cha kompyuta, na walimu wa kwaya wenye vijana wanaokaa wakimtazama mpigaji mmoja, hawana sababu ya kungoja msaada wa vinanda ndipo waanze. Wekeni programu ya bure, fundisheni kodi tatu, waimbisheni solfa wakibonyeza. Watakaoonyesha kiu, wapeni zamu kwenye kinanda halisi mapema, kabla mkono haujakomaa katika mazoea yasiyofaa.