Nyumba Yenye Magurudumu Kwenye Nchi ya Makorongo: Mambo ya Kujua Kabla Hujapanda

Haya wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo.

Juzi nilikuwa cafe, jamaa wa mashine ya jirani kafungua picha ya gari kubwa jeupe limepaki karibu na shimo jekundu lisilo na mwisho. Akanigusa bega: "Mzee, hii ni gari au nyumba?" Nikamwambia vyote viwili. Akacheka, akadhani namfunga kamba.

Sasa mimi nina sababu ya kulijua hilo dude. Mama mdogo anaishi Salt Lake City, jimbo la Utah kule Marekani, na baba mdogo na watoto wao watatu. Miaka michache iliyopita, mwezi wa nane, walikodi gari la aina hiyo wakazunguka nchi ya makorongo kwa siku kumi. Kila walipopata mtandao nilipata picha. Siku moja nusura tupate habari nyingine kabisa, lakini hiyo nitaifikia. Kwanza tuelewane gari lenyewe.

GARI LENYEWE

Wenyewe wanaliita kempa. Ukubwa wake fikiria Coaster, halafu toa viti vyote. Ndani weka vitanda, meza, jiko la gesi, friji, sinki, bafu na choo. Kitanda kimoja kiko juu ya kichwa cha dereva, na watoto hugombania hicho hicho.

Chini kuna matangi matatu. La kwanza ni la maji safi. La pili linapokea maji machafu ya sinki na bafu. La tatu ni la choo. Jioni unaingia kambini, unachomeka waya wa umeme na mpira wa maji, na kambi nyingine zina hadi bomba la majitaka. Isipokuwepo, kuna sehemu maalum za kumwagia. Kazi hiyo alipewa baba mdogo, na glovu zake mkononi. Mama mdogo aliniandikia: "Mwanangu, baba yako mdogo ana digrii, lakini wiki hii ni mtu wa gari la majitaka."

Na usidhani ni usafiri wa kubana matumizi. Kempa la namna hiyo linaweza kunywa lita 24 hivi kwa kila kilomita 100. Mzunguko wao ulikuwa kama kilomita 2,000, yaani zaidi ya Dar hadi Arusha mara tatu. Piga hesabu: lita 480 za mafuta, hapo bado kodi ya gari na ada za kambi. Wanachookoa ni hoteli na migahawa, kwa sababu ugali wanapika wenyewe.

NJIA WALIYOPITA

Kutoka Salt Lake City walishuka kusini mashariki hadi mji wa Moab. Hapo jirani kuna hifadhi ya Arches, yenye matao ya mawe ya asili zaidi ya 2,000. Matao hayo si ya milele. Moja, Wall Arch, lilianguka lenyewe usiku mwaka 2008. Kisha wakapita Monument Valley, wakafika mji wa Page, wakateremka hadi ukingo wa kusini wa Grand Canyon. Kurudi walipitia Zion na Bryce Canyon.

Kwenye miteremko dereva wa kempa anatumia gia nzito, hakanyagi breki muda wote. Aliyeshuka Kitonga na basi la mikoani ananielewa. Breki zikipata moto, nyumba yako yote inakusukuma kutoka nyuma.

Pia kuna handaki Zion, lilifunguliwa mwaka 1930, lina urefu wa kilomita 1.8. Lilichimbwa kwa magari ya zama zile. Mama mdogo na wenzake walilipia kibali ili askari wa hifadhi wasimamishe magari ya upande wa pili, wao wapite katikati ya barabara. Hifadhi ilitangaza kwamba kuanzia katikati ya mwaka 2026 magari makubwa hayataruhusiwa tena kupita hapo, yazunguke. Kwa hiyo ukiwaza safari hii, pima kempa lako kabla ya kupanga njia.

Kuhusu kiingilio, mkazi wa Marekani ananunua kadi ya mwaka kwa dola 80, inamwingiza hifadhi zote za taifa. Mgeni kutoka nje, kuanzia Januari 2026, kadi hiyo ni dola 250. Sisi tuliozoea kuona mzungu analipa zaidi Serengeti, safari hii zamu yetu!

SHIMO HILI LILICHIMBWA NA NANI?

Mto tu. Grand Canyon ina urefu wa kilomita 446, upana unafika kilomita 29 sehemu nyingine, na kina kinapita kilomita moja na nusu. Korongo letu la Oldupai, ambalo tunajivunia na tuna haki ya kujivunia, lina urefu wa kilomita 48 hivi na kina cha mita 90.

Ardhi ile iliinuka polepole, na mto Colorado ukaendelea kukata kwenda chini kama msumeno. Wanasayansi wengi wanasema kazi kubwa ya kukata ilifanyika katika miaka milioni 5 au 6 iliyopita. Lakini mawe yenyewe ni ya zamani zaidi. Ya juu ukingoni yana miaka kama milioni 270, ya chini kabisa yanapita bilioni 1.7. Kila mstari wa rangi unaouona ni bahari, jangwa au tope la zamani lililogeuka jiwe. Ukitoka juu kwenda chini unasoma historia kinyumenyume.

Bryce Canyon ni tofauti, kwa kweli si korongo halisi maana hakuna mto ulioikata. Maji yanaingia kwenye nyufa, usiku yanaganda, barafu inatanuka na kupasua jiwe. Zinabaki nguzo nyembamba nyekundu, maelfu kwa maelfu, kama watu wamepanga foleni.

ANGA YA BLUU INAYODANGANYA

Sasa ile habari.

Zion kuna sehemu inaitwa The Narrows. Unatembea ndani ya mto Virgin wenyewe, kuta za mawe kulia na kushoto zinapanda mamia ya mita, na sehemu nyingine hakuna pembeni pa kukimbilia. Familia nzima ilikuwa inaingojea siku hiyo. Wameacha kempa kambini, wamepanda basi la bure la hifadhi, viatu vya maji tayari.

Askari wa hifadhi akawaambia leo hatari ya mafuriko ni kubwa, hawashauri mtu aingie na watoto. Baba mdogo akatazama juu. Bluu tupu, hakuna hata wingu la dawa. Akasema, "Tumeendesha siku nane kwa ajili ya hapa, na mvua iko wapi?" Mtoto wa mwisho, ana miaka tisa, akaanza kulia. Mama mdogo akasema hapana. Wakagombana mbele za watu, jambo ambalo hawalifanyagi. Mwishowe wakaenda kutembea njia ya juu huku wamenuniana.

Alasiri mto ukabadilika. Maji yaliyokuwa ya kijani yakaja rangi ya chai ya maziwa, na magogo ndani yake, yanagongana. Pale walipokaa hapakudondoka tone. Baba mdogo alisimama muda mrefu hasemi kitu, amemshika yule mdogo mkono.

Inakuwaje? Watu wa Dar mnajua jibu. Mvua ikipiga huko Pugu, Msimbazi unajaa na Jangwani inafungwa, hata kama pale Jangwani jua linawaka. Kule ni hivyo hivyo, ila mbaya zaidi. Ardhi ni jiwe na udongo mkavu usionyonya, kwa hiyo mvua ya eneo kubwa inakimbilia kwenye mfereji mmoja mwembamba. Msimu wa hatari ni Julai hadi katikati ya Septemba.

Na si hadithi za kutisha watoto. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon, karibu na Page, kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali na pale walipokuwa. Tarehe 14 Septemba 2015, watu saba walikufa katika korongo jembamba la Keyhole, ndani ya Zion. Siku hiyo hiyo, huko Hildale mpakani mwa Utah na Arizona, mafuriko yalizoa magari mawili yenye kina mama na watoto.

Adui wa pili ni joto. Ukingoni mwa Grand Canyon kiangazi kuna hewa nzuri, lakini chini kabisa joto linapita nyuzi 40. Na tofauti na mlima, hapa unaanza kwa kuteremka ukiwa na nguvu, halafu kupanda kunakuja wakati umechoka na maji yameisha. Wengi wanaozidiwa hawakupotea njia, walishuka tu kuliko uwezo wao wa kupanda.

KUNA WENYEWE

Monument Valley na Antelope Canyon si hifadhi za serikali kuu. Ni ardhi ya Wanavajo, wenye serikali yao, polisi wao na lugha yao. Ile kadi ya dola 80 haifanyi kazi kwao, na Antelope huingii bila kiongozi wao. Hata saa ni ya kwao: kiangazi wanasogeza saa mbele, wakati sehemu kubwa ya Arizona haisogezi. Mama mdogo alifika Page amewahi saa nzima bila kujua.

Jambo moja lilimgusa. Kempa lao lilikuwa na bomba, bafu na choo, wakati nyumba nyingi za Wanavajo walizozipita hazina maji ya bomba hadi leo. Watu wanabeba maji kwa madumu kwenye pikapu. Alisema, "Nilidhani nimekuja kuona mawe, nikaona Kondoa."

LA KUKUMBUKA

Kama una ndugu huko na siku moja atakwambia njoo tuzunguke, nenda. Pima gari, jaza maji kabla hayajaisha, beba chakula chako. Na yule askari wa hifadhi akisema leo hapana, usimbishie kwa kuangalia anga. Korongo lile lina miaka milioni kadhaa, litakuwepo kesho.

Baba mdogo bado anasema watarudi The Narrows. Mama mdogo anasema sawa, ila mwezi wa tano au wa kumi, na baada ya kuuliza.

Haya, wewe ungeingia au ungegeuza? Tiririka hapo chini kwenye maoni. Tupo pamoja.