Rockall: Mwamba usiokalika unaogombewa na mataifa

Na Mwandishi Wetu

MWAMBA mmoja usio na mti, maji ya kunywa wala mkazi umekuwa chanzo cha mvutano wa miaka mingi baina ya nchi za Ulaya, na wanaoumia zaidi katika mvutano huo ni wavuvi.

Mwamba huo, uitwao Rockall, uko kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki, takriban kilometa 300 magharibi mwa visiwa vya St Kilda vya Scotland, na zaidi ya kilometa 400 kutoka pwani ya Donegal nchini Ireland. Umechomoza majini mithili ya jino, kimo chake kikiwa meta 17 hivi, na chini una ukubwa wa meta 25 kwa 31. Wanajiolojia wanaeleza kuwa ni mabaki ya volkano iliyozimika zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita.

Jirani yake kuna miamba mingine, ukiwamo Hasselwood, ambao huonekana kwa shida maji yanapokupwa, na ule wa Helen, uliojificha chini ya mawimbi. Kwa mabaharia, hiyo ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Juni 28, 1904, meli ya Denmark iitwayo Norge, iliyokuwa ikiwapeleka wahamiaji New York, iligonga miamba ya eneo hilo na kuzama. Watu zaidi ya 600 walipoteza maisha.

Uingereza ilijitwalia Rockall Septemba 18, 1955, baada ya watu wanne kuteremshwa kwa helikopta kutoka meli ya upimaji wa bahari ya HMS Vidal, wakapandisha bendera na kubandika kibao kwa saruji. Wakati huo ilikuwa ikijiandaa kufanya majaribio ya makombora huko South Uist, na ilihofia kuwa Warusi wangeweza kuutumia mwamba huo kupeleleza. Mwaka 1972, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuufanya kuwa sehemu ya Scotland.

Hata hivyo, thamani halisi ya Rockall haimo katika jiwe lenyewe, bali katika bahari inayoizunguka, yenye samaki na ngisi wengi, na katika sakafu ya bahari hiyo, ambako inadhaniwa huenda kuna mafuta na gesi.

Hapo ndipo inapoingia sheria ya kimataifa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao ndio pia unaozipa Tanzania na Kenya haki ya ukanda wa kiuchumi wa maili 200 za baharini, unatofautisha kisiwa na mwamba. Ibara ya 121 inasema kuwa mwamba usioweza kukaliwa na binadamu wala kujitegemea kiuchumi hauipi nchi ukanda huo wala haki ya sakafu ya bahari. Unachoweza kuipa ni bahari ya kitaifa isiyozidi maili 12, yaani kilometa 22 hivi.

Wapo waliojaribu kuishi juu ya mwamba huo. Mwanajeshi wa zamani wa Uingereza, Tom McClean, alikaa siku 40 mwaka 1985. Wanaharakati wa Greenpeace walikaa siku 42 mwaka 1997 kupinga utafutaji wa mafuta, naye Nick Hancock alifikisha siku 45 mwaka 2014. Wote walitegemea chakula na maji waliyokwenda nayo.

Mwaka 1997, Uingereza ilipojiunga na mkataba huo, iliacha kudai maili 200 kwa kuutumia mwamba huo. Ilibakiza maili 12.

Ireland kwa upande wake haidai kuwa Rockall ni mali yake, lakini haitambui umiliki wa Uingereza, na kwa hiyo haizitambui hata maili hizo 12. Aidha, Iceland na Denmark, kwa niaba ya Visiwa vya Faroe, nazo zina madai yao kuhusu sakafu ya bahari ya eneo hilo.

Wavuvi wa Ireland wamevua huko kwa miongo mingi. Juni 2019, Serikali ya Scotland ilitangaza kuwa ingechukua hatua dhidi ya vyombo vyao vitakavyoingia ndani ya maili 12. Januari 2021, siku chache baada ya kumalizika kipindi cha mpito cha Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, boti moja ya Ireland ilisimamishwa na kukaguliwa na doria ya Scotland.

Mkataba ulimaliza ubishi wa maili 200, lakini hausemi mwamba ni wa nani. Swali hilo lisipojibiwa, mvuvi anayeukaribia Rockall atakuwa na haki mbele ya serikali moja, na mhalifu mbele ya nyingine.